Tupeane uzoefu: mliamuaje kubeba au kuacha brauza za zamani kwenye saiti zenu?

#1

Habari za muda huu wakuu. Kwa wale tunaotengeneza websaiti, naomba tupeane uzoefu, hivi huwa mnaamuaje brauza (programu ya kufungulia saiti, kama Chrome) ipi ya zamani muibebe, yaani mhakikishe saiti inafanya kazi humo, na ipi muiache? Limenikuta mwezi uliopita na mpaka leo sijatulia.

Kuna shule ya sekondari ya binafsi huku Morogoro niliitengenezea saiti ya wazazi kujaza fomu ya kujiunga. Kwenye laptopu safi, kwenye simu yangu safi, nikakabidhi. Siku ya tatu mhasibu wa shule ananipigia, kuna mzazi kapanda basi kutoka Kilosa mpaka getini kwao anasema fomu yenu haifunguki, nyeupe tupu. Nikaomba niongee naye, mama mtu mzima, akaniambia mwanangu nimehangaika siku mbili, nikanunua na bando lingine nikijua ni mtandao. Iliniuma sana aisee. Simu yenyewe iPhone 6, kaachiwa na binti yake.

Nikaazima iPhone 6 kwa fundi simu, nikaichomeka kwenye Mac ya jamaa yangu nikasoma konsoli, pale brauza inapoandika makosa. Kosa lilikuwa alama mbili tu, kiulizo na nukta, hii `?.` ya JavaScript (lugha inayoendesha ukurasa) tunayoiandika kila siku bila kufikiria. Safari, brauza ya iPhone, imeanza kuielewa kwenye iOS 13.4 (iOS ndo mfumo wa simu hizo) mwaka 2020, na iPhone 6 iliishia iOS 12. Sasa JavaScript ikikuta alama isiyoijua hairuki mstari ikaendelea, inakataa faili zima, na mimi ukurasa wote ulikuwa unachorwa na JavaScript, ndo maana mama anaona weupe tu. Na hata angepakua Chrome isingesaidia, kwenye simu hizo kila brauza inatumia injini ileile ya Safari.

Nyie mnachora mstari wapi?

#2

Pole sana mkuu. Mimi nafanya kazi na SACCOS moja, kompyuta za kaunta zote Windows 7, na Chrome kwa Windows 7 iliishia toleo la 109 mwanzoni mwa 2023. Nikaandika CSS (lugha ya kupanga muonekano) kwa mtindo wa kupachika kanuni ndani ya kanuni nikiona dunia nzima inatumia, kumbe Chrome imeanza kuielewa toleo la 112. Asubuhi wanachama wako foleni, keshia anaona jedwali la marejesho limemwagika ukurasa mzima, safu ya deni imeangukia chini ya safu ya akiba. Tangu siku hiyo kabla sijaanza kazi naenda kukaa kaunta, nafungua mashine moja moja naandika toleo la brauza kwenye daftari. Takwimu za dunia zinakwambia kuhusu dunia, hazikwambii kuhusu kaunta ile.

#3

Niwe mkweli wakuu, mimi naacha. Napokea malipo ya kadi kwenye saiti yangu, na kanuni za usalama wa kadi zilitutaka tuzime matoleo ya mwanzo ya TLS (njia ya kuficha mawasiliano kati ya brauza na saiti) tangu Juni 2018, brauza kubwa zenyewe zikaja kuzima TLS 1.0 na 1.1 mwaka 2020. Brauza isiyoweza TLS 1.2 ikija kwangu haifungui kabisa na siombi radhi, sababu kumfungulia huyo mmoja namuweka hatarini yeye na wengine wote. Watu wanachanganya mambo mawili, muonekano kuharibika na usalama kuharibika. La kwanza tutajadiliana, la pili hapana.

#4

Salamu kutoka Mombasa. Kwangu haikuwa simu nzee, ni Opera Mini. Mamangu anauza samaki na simu yake ni mpya kabisa, lakini anatumia Opera Mini sababu inakula bando kidogo, na ukiiweka kwenye ule ubanaji wa mwisho ukurasa unapikwa kwenye seva zao huko, yeye analetewa umeshabanwa. Nilikuwa nimeunda saiti ya kuweka miadi ya kliniki, vitufe vyote nikaweka ikoni za fonti (vipicha vinavyopakuliwa kama herufi) bila maneno. Opera Mini haileti fonti za nje, kwa hiyo mamangu akaona vijisanduku vitupu vinne vimepangana. Akaniuliza, nibonyeze sanduku gani mwanangu? Niliandika maneno usiku uleule, "Weka miadi", "Futa", basi. Sikuona haja ya kuita hilo kubeba brauza ya zamani, hata wenye simu kali walipata kitu cha kusoma.

#5

Naomba niongeze upande ambao wengi hatuuangalii, cheti, kile saiti inachoionyesha brauza kuthibitisha ni yenyewe. Nina saiti ndogo ya bei za mazao, HTML tupu (maandishi ya kawaida ya ukurasa), picha hakuna, JavaScript hakuna, nilijiaminisha hata simu ya mwaka 2014 itafungua. Mwaka 2024 mawakala wa vijijini wakaanza kunitumia picha za skrini, onyo jekundu, eti saiti si salama. Natumia Let's Encrypt, wanaotoa vyeti bure, na Android za chini ya 7.1.1 hazina cheti chao kikuu cha sasa, zilikuwa zinabebwa na saini ya pembeni kutoka kwa cheti cha zamani ambacho simu hizo zinakiamini, na ile saini Let's Encrypt wakaacha kuitoa mwaka huohuo kabla haijaisha tarehe 30 Septemba 2024. Yaani sikugusa kitu chochote na saiti ikafungwa kwa watu ambao ndo hasa niliitengeneza kwa ajili yao. Nilichofanya nikawaelekeza wapakue Firefox, inakuja na orodha yake ya vyeti haitegemei ya simu. Wengi walifanikiwa, ila wenye simu zilizojaa ilibidi wafute picha za watoto wao kwanza ipate nafasi, na hilo linanikera mpaka leo.

#6

Mkuu #1 swali la haraka, si ungetumia ile mbinu ya faili mbili, `module` kwa brauza mpya na `nomodule` kwa za zamani?

#1

@#6 nilikuwa nayo ndugu yangu, ndo ilinidanganya. Safari 12 inaelewa module vizuri tu, kwa hiyo inachukua faili jipya kisha inakwama kwenye `?.`. Ilibidi niiambie Babel, zana inayogeuza JavaScript mpya kuwa ya zamani, ishushe mpaka iOS 12.

Asanteni sana wote. Jibu la #2 limenifanya niombe logi za seva ya shule (kumbukumbu za nani kafungua kwa simu gani) za wiki tatu, nikahesabu mmoja mmoja, iOS 12 walikuwa wazazi kumi na moja. Kumi na moja kwa shule yenye nafasi themanini. Nimeandika upya fomu iwe HTML ya kawaida inayotumwa hata JavaScript ikifa yote, na ile nafasi kati ya visanduku nilikuwa nimeiweka kwa `gap`, Safari 12 haiijui kwenye flexbox (mpangilio mmoja wa CSS), nimerudisha `margin`, njia ya zamani ya kuacha nafasi. Kuvutia hakufanani na mwanzo, mwalimu mkuu kaliona hilo kaniuliza, nikamwonyesha orodha ya wale kumi na moja akanyamaza.

Kilichobaki ni kupakia picha ya pasipoti ya mtoto, kwenye iPhone 6 picha kubwa inagandisha ukurasa. Mwenye uzoefu wa kuipunguza kwenye seva bila kumtesa mzazi na bando aje, nimekaa hapa.