Sola ya nyumbani Kisauni: ninunue betri, au stima inayobaki niipeleke Kenya Power?

MamaBarafu
Assalaam aleikum ndugu zangu. Niko Kisauni, Mombasa, nauza barafu na sharubati hapa hapa nyumbani. Nina friza mbili, pampu ya kisima, feni na taa. Kwa siku zinaenda kama yuniti 8. Tokeni zinanimaliza. Fundi mmoja anataka anifungie paneli za kilowati 5 bila betri: mchana stima inayobaki iende kwenye laini, usiku nirudishiwe, nisinunue tokeni tena. Ni kweli? Na stima ikipotea, friza zitaendelea? Pesa hizi nimezidunduliza, sina nyingine.

FundiMtwapa
Waaleikum salaam dada. Naanza na swali la mwisho. Bila betri, laini ikikatika na sola yako inazima, hata jua liwe la utosi. Inverta ya aina hiyo, yaani kile kifaa kinachogeuza stima ya paneli iwe ya kutumika nyumbani, imeundwa hivyo ili isimuue anayetengeneza nyaya huko nje. Kwa muuza barafu, mpango huo haufai.

Kurudishiwa kupo. Sheria ya Kawi ya 2019 inaruhusu, na kanuni zake zilitoka 2024. Lakini ukipeleka yuniti 10 unahesabiwa 5, na ni lazima uombe, mkubaliane, uwekewe mita inayosoma pande mbili. Usikubali kuunganishiwa kimyakimya kwenye mita ya tokeni. Ziko zinazohesabu stima unayoitoa kana kwamba umeitumia, ukajikuta unalipia jua lako mwenyewe!

Jirani_Bamburi
Dada, kilowati 5 za nini? Huku kwetu kilowati 1 ya paneli hutoa kama yuniti 4 siku ya jua zuri. Kilowati 2 zakutosha, ukihamishia kazi mchana. Pampu ipige maji saa sita. Friza zigandishe kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa, usiku usizifungue ovyo. Friza iliyojaa barafu hukaa na baridi yake saa nyingi, kwa hiyo betri ya kununua inakuwa ndogo.

MamaBarafu
Hilo la friza sikuwa nimelifikiria, ahsante sana. Betri je? Nimeonyeshwa za asidi, bei yake nafuu.

FundiMtwapa
Za asidi hazitaki kushushwa chaji zaidi ya nusu, na joto letu linazichosha mapema. Chukua lithiamu, hata kama ni moja kwanza, na inverta itakayokubali kuongezwa betri ya pili. Masika mawingu yakitanda, laini ya Kenya Power ijazilizie.

Kabla hujatoa hata shilingi, fundi akuonyeshe leseni ya EPRA, ile mamlaka ya serikali inayosimamia kawi. Kazi inayogusa laini yataka daraja la T3. Na kwa kuwa uko karibu na bahari, sisitiza nati na boliti za stenlesi. Za kawaida chumvi inazila, na paneli iking'oka kwenye mabati upepo wa kusi haukuachii kitu.

MamaBarafu
Kesho namuuliza leseni. Kama hana, naomba mnielekeze kwa mwingine wa upande huu.