Kikundi cha Ukoo: Gari ya Salim Imekataliwa

Salim: Asalaam aleikum jamaa. Ammi Athumani yuko? Corolla imekataliwa kwenye kipimo cha moshi, na usajili waisha mwisho wa mwezi.

Shangazi Zuhura: Waaleikum salaam. Huku ndio kwanza saa mbili asubuhi. California si usiku?

Salim: Saa nne usiku shangazi. Usingizi hauji.

Mama Salim: Imekataliwaje na yaenda? Si jana umekwenda nayo kazini?

Salim: Yaenda vizuri mama. Lakini hapa gari ikishatoka upya yapimwa kila baada ya miaka miwili. Bila kupita, DMV, ofisi ya usajili wa magari, hawakusajilii.

Hamisi: Wakutia mrija kwenye ekzosi?

Salim: La. Gari za petroli za mwaka 2000 kuja huku hawapimi moshi wenyewe. Watazama kwa macho kama kuna kitu kimeng'olewa, halafu wachomeka waya kwenye soketi chini ya usukani, waiuliza kompyuta ya gari. Yangu ni ya 2012. Imejibu haiko tayari.

Ammi Athumani: Nani amefuta?

Salim: Ammi umejuaje 😳 Taa ya injini iliwaka, nikampelekea fundi mmoja hapa. Akaja na kimashine chake, akaizima, akachukua dola zake.

Ammi Athumani: Amekuzimia taa, ugonjwa kauacha pale pale. Sikiza. Hiyo kompyuta yajipimia vitu vyake njiani unapoendesha. Lile sega la ndani ya ekzosi, la kusafisha moshi, lafanya kazi? Sensa za oksijeni zajibu? Plagi zachoma sawa? Mvuke wa petroli wavuja kwenye tangi? Ukifuta kwa mashine, au ukichomoa betri, majibu yote yapotea yaanza upya. Mpimaji akichomeka, akuta daftari la mtoto aliyerarua kurasa usiku wa kuamkia mtihani. Amkatae asimkatae?

Mama Salim: Huyo fundi arudishe pesa.

Yakub: [Imesambazwa mara nyingi] KUPITA KIPIMO CHA MOSHI BILA FUNDI!! Mimina thina ndani ya tangi, endesha kwa kasi, sega latakasika lenyewe. Watumie ndugu zako 🙏

Ammi Athumani: Yakub, thina wapelekee wapaka rangi. Yala mipira ya njia ya petroli, na sega lililokufa halifufuki.

Mama Salim: Yakub, wewe kwani una gari?

Yakub: Nina bodaboda khalti 😂

Ammi Athumani: Salim, taa ilipowaka namba gani ya kosa ilitoka?

Salim: Niliipiga picha. P0420.

Ammi Athumani: Hiyo yasema sega halisafishi inavyotakiwa. Wengi wakiiona wakimbilia kukuuzia jipya. Usinunue bado. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, mwenzio awashe, wewe inama pale ekzosi inapoungana na injini. Sikiza kama kuna tk tk tk tk. Nirekodie.

Yakub: Na sega likiwa bovu kweli tumtafutie Mombasa? Yapatikana ya mtumba.

Salim: Hapa halipiti. Sega la badala lazima liwe na namba ya idhini ya CARB, bodi yao ya hewa, na mpimaji aichungulia. Na mengine yaibwa barabarani usiku, yakatwa kwa msumeno.

Ammi Athumani: Kwa sababu ndani mna platini, paladi na rodi. Hapa kwetu mtu alikata mwenyewe akauza, akabaki na bomba tupu, halafu aniuliza mbona gari yanuka.

Shangazi Zuhura: Mimi nauliza tu, nguru wa Ijumaa analeta nani?

Hamisi: Mimi shangazi, inshallah. Ammi, na lori yangu ya Kanta nayo? Inspekshani yake iko karibu. Nikitoka Gongoni na chumvi, pikipiki zilizo nyuma zapotea ndani ya moshi.

Ammi Athumani: Rangi gani?

Hamisi: Mweusi ti.

Ammi Athumani: Alhamdulillahi. Mweusi ni dizeli nyingi, hewa haba. Ungekuwa wa buluu ningekuambia yala oili, tufungue injini. Mweupe usiokwisha, maji. Eyakilina, chujio la hewa, mara ya mwisho umebadilisha lini?

Hamisi: Huwa tanboi, utingo wangu, aipiga hewa…

Ammi Athumani: Basi nimeelewa.

*

Salim: [video] Ammi, sikiza sekunde za kwanza.

Ammi Athumani: Hiyo hapo! Na gari ikipata moto yanyamaza, sivyo? Chuma chavimba chaziba ufa. Ukiipeleka kwa fundi tayari imechemka, hasikii kitu. Hebu simamisha picha: huoni masizi kama ulimi mweusi pale kwenye flanji, bomba linapoungana? Gasketi ya kuziba hapo imeungua.

Salim: Sasa yahusiana vipi na sega?

Ammi Athumani: Bomba likivuja mbele ya sensa, lavuta pia hewa ya nje kila injini inapopumua. Sensa yaona oksijeni ambayo haikutoka kwenye injini. Kompyuta yapata hesabu ya uongo, yamshika sega. Laweza kuwa zima. Badilisha gasketi na boliti zake, ndipo tujue.

Mama Salim: Gasketi ni bei gani huko?

Salim: Kidogo sana mama kuliko sega. Usijali.

*

Salim: Gasketi imewekwa, mlio umekwisha. Nikapime kesho?

Ammi Athumani: La hasha. Endesha kwanza. Ilale usiku kucha ipoe. Asubuhi iwashe, uondoke taratibu. Mjini simama, ondoka, simama, ondoka. Halafu ingia barabara kuu ushike mwendo mmoja, maili 55 hivi, muda mrefu, mguu usicheze. Ukiona mteremko achia mafuta ishuke yenyewe. Petroli iwe nusu tangi. Ikijaa sana au ikiwa haba, kipimo cha mvuke hakianzi. Rudia siku kadhaa. Na betri usiiguse!

Salim: Nimesoma kwamba kwa gari za 2010 kuja huku kuna kosa la kudumu. Mashine haiwezi kulifuta, gari yenyewe ndiyo yalifuta ikijiona imepona. La sivyo lazima uende maili 200 na injini ipate moto mara 15 tangu kufutwa, ndipo waliachie.

Yakub: Maili 200 ni wapi na wapi?

Hamisi: Malindi Mombasa kwenda na kurudi, halafu ushuke tena Kilifi na bado zabaki.

Ammi Athumani: Nunua kile kidude cha kuchomeka cha bei nafuu, usome kwa simu. Usiende kwa mpimaji kubahatisha.

*

Salim: Ammi, vipimo vyote vya kompyuta vimekuwa tayari isipokuwa cha mvuke wa petroli. Kosa la kudumu nalo limeondoka, taa haijarudi.

Ammi Athumani: Cha mvuke hawakuruhusu kikibaki peke yake?

Salim: Waruhusu. Kwa gari za petroli za 2000 kuja huku, hicho tu.

Ammi Athumani: Basi enda. Ifikishe ingali moto, usiizime kwenye foleni.

Mama Salim: 🤲🤲

Salim: IMEPITA. Cheti chaenda DMV kwa kompyuta moja kwa moja.

Shangazi Zuhura: Mashallah! Athumani, mdai dola.

Ammi Athumani: Atanitumia ile mashine ya kusoma. Hamisi, uko? Kanta niletee Maweni Jumapili, bila mzigo. Njoo na eyakilina mpya, siyo ya kupuliza. Nozeli za kunyunyiza dizeli nitazitoa tuzipime. Ikiwa zatema badala ya kunyunyiza, hata ukibadilisha oili kila siku moshi utabaki.

Hamisi: Mwaka jana waliniambia niikanyage mpaka mwisho ikiwa imesimama, moshi ukajaa uwanja mzima. Nikipeleka na dizeli kidogo tangini hawatanipunguzia?

Ammi Athumani: Jumapili, Hamisi. Saa moja.