Naomba ushauri: nianze na mashine au kiwanja?

Habari za mwaka mpya, ndugu zangu. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, na nikiutazama mwaka uliopita namshukuru Mungu, kwa kuwa mgawo wa mwezi Desemba wa VICOBA yetu, yaani kikundi chetu cha kuweka akiba na kukopeshana, umenipatia fedha ambayo sijawahi kuishika kwa mkupuo. Ninatamani kununua mashine ya ovaloki, ili nisiendelee kupeleka kila gauni kwa jirani likapigwe kingo kwa malipo, lakini mume wangu, ambaye maoni yake nayaheshimu sana, anapendelea tulipie kiwanja kilichopimwa kabla bei haijapanda. Moyo wangu uko kwenye mashine, maana inazalisha. Januari nayo ina mahitaji ya shule. Mliowahi kupanga hivi, mlitanguliza lipi, na hisa za kikundi za mwaka mpya mlizinunuaje?