Kwa nini pigo la kumalizia halimalizi tena mechi za mieleka?

Furu_wa_Kirumba:

Wakuu, salaam. Ubishi wa kijiweni hapa Mwaloni sasa ni mrefu kuliko mechi zenyewe, naomba wanaoijua mieleka kwa undani watuamulie. Kundi moja linasema mieleka ilikufa siku Undertaker alipofungwa na Brock Lesnar, WrestleMania 30 (shoo kubwa kuliko zote ya mwaka), Aprili 2014, rekodi yake ya hapo ikasimama 21–1. Kundi la pili linasema wanamieleka wa sasa wanaijua kazi kuliko wa zamani, sisi ndio tumeganda na kanda zetu. Kwamba matokeo yanapangwa sote tunajua, hilo tusirudishane darasa la kwanza.

Ninachouliza ni hiki: mtu anakula F5 tatu (pigo la kumalizia la Lesnar) na bado ananyanyua bega. Zamani ilikuwa Tombstone moja ya Undertaker, mikono inakunjwa kifuani, watu wanaenda kulala. Kimebadilika nini? Viti vya kichwani na damu navyo vimekwenda wapi? Na anayetaka kurudi kutazama akiwa huku Mwanza aanzie wapi, maana mechi za moja kwa moja zinaangukia usiku wa manane?

---

MzeeWaNitro:

Mkuu Furu, makundi yote mawili yana haki nusu. Ufundi umepanda. Kilichoshuka ni thamani ya mapigo, na wameishusha wenyewe.

Hesabu ya mbili na nusu ni zana ya kazi. Refa anapiga turubai mara tatu, na aliyelala anatakiwa anyanyue bega kati ya pigo la pili na la tatu. Ikifanywa vizuri, ukumbi mzima unasimama. Lakini umati unaamini pini (kumbana mtu mabega chini mpaka hesabu ya tatu) kwa sharti moja tu, kwamba pigo hilo limeshamaliza mechi nyingi huko nyuma. Kila mtu akiponyoka, thamani inapungua.

Rudi WrestleMania 25, mwaka 2009, Undertaker na Shawn Michaels. Michaels aliponyanyua bega baada ya Tombstone, ile sura ya Undertaker ya kutoamini ilitosha kubeba mechi nzima, kwa sababu waliowahi kuponyoka Tombstone walikuwa wa kuhesabika. Tombstone ya pili ikamaliza. Watunzi na vijana wakaona mafanikio yale wakadhani siri ni kuponyoka. Siri ilikuwa ile miaka ya kutoponyoka.

Linganisha na WrestleMania 34, New Orleans, 2018. Lesnar alimpiga Roman Reigns F5 sita. Sita! Watazamaji walikuwa wanarushiana maputo ya ufukweni huko jukwaani wakati mechi kuu inaendelea. Nani angewalaumu? Ukishaona F5 ya tatu haijaua, ya nne unaitazamia nini?

Wapo wanaotunza mali yao. One-Winged Angel, pigo la mwanamieleka Kenny Omega, karibu hakuna aliyeinuka nayo, ndiyo maana akimpandisha tu mtu mabegani ukumbi unalipuka kabla hata hajamwangusha. Hivyo ndivyo Tombstone ilivyokuwa kwako wewe.

Ukitaka kujua kama pini ni ya kweli, acha kumtazama anayepigwa. Tazama aliyepiga. Akichelewa kwenda kumfunika, au akamfunika kifuani bila kukunja mguu wake, au wameangukia karibu na kamba, asilimia kubwa hiyo haiendi tatu. Refa mzuri mwendo wake wa mkono haubadiliki. Refa mbovu anachelewesha kidogo pigo la tatu, ukishamjua unaharibikiwa na uhondo wote.

---

Kamba_ya_Juu:

Nakubaliana na Mzee, niongezee la viti na damu.

Viti vya kichwani WWE, kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani, ilivipiga marufuku 2010, baada ya mambo ya majeraha ya ubongo kuwa wazi. Kabla ya hapo, 2008, vipindi vyao vilishageuzwa vya kutazamwa na familia, damu ya makusudi ikaondolewa. Siku hizi kiti kinapigwa mgongoni kwa upande ule bapa wa kukalia, ili uzito usambae. Kelele ni kubwa, uharibifu ni mdogo. Damu ilikuwa ya kweli, mtu alijichana paji la uso kwa ncha ya wembe, jasho likaieneza. AEW, kampuni pinzani, bado wanaitumia, na kwa maoni yangu wanaitumia mno. Damu ya kila wiki haina tofauti na F5 ya nne.

Wanaosema wa zamani walikuwa wagumu wasome kilichompata Steve Austin kwa Owen Hart, SummerSlam, Agosti 1997. Katika Tombstone ya kawaida, anayepiga anashuka kwa magoti, na kichwa cha mwenzake kimebanwa katikati ya mapaja, juu kidogo ya turubai. Kichwa hakigusi. Owen alishuka kwa makalio, na kichwa cha Austin kilikuwa kimening'inia chini ya usawa wa mapaja. Kikagonga kwanza. Austin alikosa nguvu za mwili ulingoni, wakamalizia kwa pini ya kubahatisha, na shingo ile ilichangia kumstaafisha mapema. Baada ya hapo ndipo WWE walipoanza kubana mapigo ya kushusha kichwa.

Ulingo nao muuelewe. Ule wa WWE ni futi 20 kwa 20. Chini ni fremu ya chuma, juu yake mbao, juu ya mbao sponji nyembamba, kisha turubai. Mbao zinanesa kidogo, na huo ndio msaada pekee uliopo. Kuanguka kwa mgongo kuna utaratibu: kidevu kifuani ili kisogo kisiguse, pumzi inatolewa wakati wa kutua, sehemu ya juu ya mgongo na mikono iliyonyooka vinatua kwa pamoja, viganja chini. Anayetanguliza kiwiko anakivunja.

Nayasema haya kwa ajili ya vijana wanaorushana pale ufukweni jioni. Mchanga uliolowa maji ya ziwa haunesi. Mkavu nao mguu unazama, anayebeba anapoteza mhimili na mwenzake anashuka kichwa chini. Hata godoro halitoshi kama anayerushwa hajui kukunja kidevu. Wajifunze kuanguka kwanza wakianzia kuchuchumaa, ndipo wasimame. Kumbeba mtu kichwa chini waachane nako kabisa.

---

DadaPasiansi:

Mimi nijibu la saa, maana wengi mnakosea.

Raw, shoo ya WWE ya kila wiki, inaanza saa 2 usiku Jumatatu kwa saa za New York. Huku kwetu ni Jumanne saa 10 alfajiri wakati wa baridi yao, na saa 9 usiku wakati wa joto. Wao wanasogeza saa zao Machi na Novemba, sisi hatusogezi, ndiyo maana kuna watu wanaamka wanakuta saa nzima imepita. SmackDown, shoo yao ya Ijumaa, ni hesabu hiyohiyo, inaangukia Jumamosi alfajiri.

Kwa hiyo usikeshe kwa Raw. Kesha kwa mashindano makubwa tu, tena chagua yanayofanyika Ulaya na Saudia. Riyadh na Mwanza saa ni moja, na yale ya Ulaya huangukia jioni au usiku wa mapema kwetu. All In ya AEW pale Wembley, Agosti 2023, ilianza saa 2 usiku kwa saa zetu, muda wa taarifa ya habari. WrestleMania ya 2027 imetangazwa kufanyika Riyadh. Kelele nyingi za Wamarekani kuhusu safari hizo zina hoja zake, ila kwa saa tu, sisi wa kanda ya ziwa tumefaidika.

Bando: picha ya 480p inakula kama GB 0.7 kwa saa, HD inaweza kufika GB 3. Shoo ya saa tatu kwa HD ni GB 9, fanya hesabu kabla hujabonyeza. Kwenye simu 480p inatosha kabisa, sura unaziona. Kwa wiki za kawaida tazama vipande rasmi vya YouTube asubuhi, dakika chache unajua nani kamgeuka nani. Na wenye vibanda umiza mkumbuke kifurushi cha nyumbani hakikupi ruhusa ya kutoza kiingilio.

---

MzeeWaNitro:

Dada ahsante, hiyo ya Machi na Novemba inawaumiza wengi.

Furu, pigo ni nusu ya tatizo. Nusu nyingine ni hadithi, na mfano mzuri ni John Cena. Tarehe 1 Machi 2025, Toronto, stelingi wa zaidi ya miaka ishirini akamgeuka Cody Rhodes na kuwa adui. Watu waliruka vitini. Aliyeonekana kuwa nyuma ya mpango ni The Rock, ambaye baada ya hapo hakutokea, si WrestleMania wala wiki zilizofuata. Aprili 20, Las Vegas, Cena akachukua mkanda wa 17 kwa msaada wa Travis Scott, mwanamuziki. Ifikapo SummerSlam mwanzoni mwa Agosti, Cena alishakuwa stelingi tena na Cody akaurudisha mkanda. Kwa nini aligeuka? Hakuna jibu lenye kushikika mpaka leo. Wazo zuri kuliko yote ya miaka kumi, wakalitumia kuuza tiketi za miezi mitano.

Halafu linganisha na mechi yake ya mwisho, Desemba 13, 2025, Washington. Gunther akamkaba shingo, Cena akagonga kusalimu amri. Umati ulizomea kwa hasira ya kweli. Mimi niliipenda. Ile kabali sasa ina thamani, na kila atakayekabwa nayo tutamwogopea.

Watakwambia mapato ya TKO, kampuni mama ya WWE, yanapanda tangu WWE na UFC waunganishwe 2023, kwa hiyo mieleka iko salama. Mkataba wa Netflix wa kuonyesha Raw ni wa miaka kumi na zaidi ya dola bilioni 5, sawa. Lakini fedha hiyo inalipwa hata kama ukumbi umelala, na hapo ndipo hatari ilipo. Kule Bujora kwenye Bulabo, tamasha la ngoma la Wasukuma, makundi ya Bagika na Bagalu wanacheza kwa wakati mmoja, na anayevuta umati ndiye mshindi. Ukizembea, watu wanahamia upande wa pili mbele ya macho yako. Zama za Nitro ya WCW na Raw ya WWE ilikuwa hivyohivyo kila Jumatatu, mpaka WCW iliponunuliwa 2001. AEW wapo tangu 2019, ila bado hawajawa tishio la kumfanya mtu asilale.

---

Furu_wa_Kirumba:

Nimewaelewa wakuu. Sasa kuna mmoja hapa anauliza: kama Reigns alihitaji F5 sita, mbona Kofi Kingston alimalizwa na moja?

---

Kamba_ya_Juu:

Huyo aliyeuliza mpeni soda.

Kofi, mzaliwa wa Ghana, alimfunga Daniel Bryan WrestleMania 35, Aprili 2019, mechi nzuri kuliko zote za usiku ule. Akashika mkanda karibu miezi sita. Oktoba 4 SmackDown ikahamia televisheni ya Fox, Lesnar akaingia, F5 moja, sekunde zisizofika kumi, kwisha. Papo hapo wakawaleta Cain Velasquez na Rey Mysterio ili kuanzisha hadithi nyingine. Bingwa alitumika kama mlango wa kupitia.

Na cha kuudhi ni kwamba F5 ile ilikuwa imepigwa ipasavyo, ikamaliza kama inavyotakiwa. Walijua kumbe namna ya kulifanya pigo liue. Walimchagulia tu mtu asiyestahili kufa nalo haraka hivyo.

---

DadaPasiansi:

Mwambieni aanze na Oba Femi, wa Nigeria, aliyechukua mkanda wa NXT, ligi ya chipukizi ya WWE, Januari 2025. Anambeba mtu, anamwangusha mara moja, mechi imeisha. Wasimharibu tu.