Postfix: imeili za kwenda Gmail zingine zinafika zingine zinarudi, na PTR ipo. Msaada wakuu

kipanga_seva:
Habari zenu wakuu. Kazini tumehamisha imeili kutoka hosting ya kushea tukaja kwenye VPS yetu wenyewe (seva ya kukodi), Ubuntu, Postfix ya kutuma na kupokea imeili na Dovecot ya watu kuzisomea, DKIM (saini ya kuthibitisha imeili imetoka kwenye domeini yetu) inawekwa na OpenDKIM. Ndani ya ofisi watu wanatumiana bila shida, kupokea kutoka nje hakuna tatizo, kasheshe ni kutuma kwenda Gmail. Mtu wa mauzo anatuma kotesheni inafika, baadae anatuma nyingine kwa mteja yule yule inarudi hapo hapo na 550-5.7.1 na maelezo marefu yanayotaja rekodi ya PTR (ile ya DNS inayotoa jina la seva kutoka kwenye IP). Sasa PTR mbona ipo, waliotuuzia VPS wameshaiweka, nikipiga dig -x na IP yetu inaleta mail.xxxx.co.tz na hilo jina nalo linarudi kwenye IP ile ile. SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina letu) ipo, DKIM ipo. Wateja wenye seva zao wenyewe wanapata zote. Kinachonichanganya ni hii ya mara inakubali mara inakataa, kama mipangilio ni mibovu si ingekataa zote? Watu wa mauzo wameanza kurudi kwenye Gmail zao binafsi na mi sitaki bei na mikataba ya kampuni ikae huko.

mama_mitambo:
Pole mkuu. Bandika mstari mmoja wa iliyofika na mmoja wa iliyorudi kutoka /var/log/mail.log, nataka kuona kilichopo kwenye mabano baada ya relay=, yaani IP ya seva iliyotumiwa. Vitu vyenu weka xxx.

kipanga_seva:
Hii imefika:
relay=gmail-smtp-in.l.google.com[142.250.x.x]:25 ... status=sent
Hii imerudi:
relay=gmail-smtp-in.l.google.com[2a00:1450:x:x::1a]:25 ... status=bounced

mama_mitambo:
Basi ndo hiyo hapo, hiyo ya pili imepita IPv6 (aina mpya ya anwani za IP, ya kwanza ni IPv4 ya zamani). VPS yako imepewa anwani mbili, ya IPv4 na ya IPv6, na PTR uliyoombewa ni ya IPv4 peke yake. Postfix kwa kawaida smtp_address_preference yake ni any, maana yake seva ya upande wa pili ikiwa na anwani za aina zote mbili yenyewe inachagua tu yoyote, ikiangukia IPv4 imeili yako inapita, ikiangukia IPv6 Gmail wanaangalia PTR hawaioni wanakataa, na kwa sababu ni 5xx (kukataliwa moja kwa moja) Postfix hairudii kutuma. Wateja ambao seva zao hazina IPv6 kabisa huwezi kuona tatizo kwao.

Una njia mbili. Ya haraka, kwenye main.cf (faili la mipangilio ya Postfix) weka
inet_protocols = ipv4
alafu systemctl stop postfix na start, reload haitoshi kwa hiyo parameta, wengi wanaishia kwenye reload wanadhani haijafanya kazi. Ya pili ni kuomba PTR ya IPv6 pia, kuweka AAAA (rekodi ya DNS ya IPv6) ya mail.xxxx.co.tz na kuongeza ip6: kwenye SPF. Mi ningeanza na ya kwanza leo leo watu wafanye kazi, hiyo nyingine ifuate kwa utulivu.

jirani_wa_poti25:
Kwa nini msilipie tu Google Workspace au Microsoft 365 muachane na haya mateso? Kampuni ndogo haina haja ya seva yake.

mama_mitambo:
Ndugu, ukilipia unalipa kwa kila mtumiaji kila mwezi, kuna ofisi hiyo hela haipo na kuna ofisi zinataka data ikae kwao, sio vibaya. Na hata huko SPF, DKIM na DMARC (inayowaambia wapokeaji wafanyeje na imeili zisizothibitika) utaziweka mwenyewe kwenye DNS.

binti_dns:
Naongezea kwa aliyeuliza. Mmetoka hosting ya kushea, kaangalie dig TXT ya domeini yenu kama hakuna v=spf1 mbili, ya zamani na mpya. Zikiwa mbili ni permerror (kosa la kudumu), SPF yote haipiti. Unganisha iwe moja, na include (za kurejea SPF za wengine) zisizidi, mwisho ni lookup 10, yaani maulizo 10 ya DNS. DMARC pia weka, anza na p=none (usikatae kitu) na rua (anwani ya kupokelea ripoti) usome ripoti, usiruke moja kwa moja kwenye p=reject (kataa) maana kuna mifumo ofisini inatuma kwa jina lenu na hamjui.

kipanga_seva:
Asanteni sana, inet_protocols nimebadilisha nikastop nikastart, tangu hapo logi ni status=sent tupu kwa Gmail. Na kweli SPF zilikuwa mbili binti_dns! Nimeziunganisha. Zilizorudi jana nikipiga postqueue -f (kulazimisha foleni itume) zitaenda? Na kuna programu ya uhasibu inatuma ankara kwa jina letu ila kupitia seva ya waliotuuzia programu.

mama_mitambo:
Hapana, zilizorudi hazimo tena kwenye foleni, wenyewe watume upya. Hiyo ya uhasibu iingize ipite kwenu, poti 587 na STARTTLS (usimbaji fiche), itengenezee akaunti yake na pasiwedi yake ili isainiwe DKIM kama nyingine. Ila tafadhali sana usiifungulie kwa kuongeza IP za watu kwenye mynetworks (orodha ya IP zinazoruhusiwa kutuma bila pasiwedi), spama wakipata upenyo kwenye hizo mashine wanatuma kupitia seva yako bila pasiwedi na IP yako inaingia Spamhaus (orodha ya IP za spamu).

kipanga_seva:
Sawa dada, naifungulia akaunti sasa hivi.