Robert Grosseteste wa Lincoln: kweli alikuwa mtangulizi wa Luther?

Semina_Dom
Habari zenu wakuu. Jumatano nina semina ya historia ya Kanisa hapa Dodoma, dakika 15, kuhusu Robert Grosseteste, askofu wa Lincoln, Uingereza, 1235–1253. Hoja yangu: kwa kuwa mwaka 1253 alikataa agizo la Papa, alikuwa Mprotestanti kabla ya Uprotestanti. Inasimama?

Kikuyu Kusini
Haisimami mkuu, utabanwa maswali. Anzia kwenye ziara zake, ndiko mengine yote yalikotoka.

Dayosisi yake ilianzia mto Humber hadi Thames. Darasa lipate picha: kama Dodoma hadi Morogoro, ila juu ya farasi. Alizunguka dekania (kundi la parokia jirani) moja baada ya nyingine. Makasisi waliitwa mahali pamoja, na waumini wakaambiwa waje siku hiyohiyo na watoto wa kipaimara. Askofu aliwahubiria makasisi, mtawa Mdominiko au Mfransisko akawahubiria watu, watawa wanne wakasikiliza maungamo. Kipaimara siku hiyo na ya pili yake, kisha yeye na makarani wake wakaketi kuchunguza na kusahihisha makosa. Utaratibu huu aliueleza mwenyewe huko Lyon mwaka 1250, mbele ya Papa.

Wafransisko usishangae kuwaona humo: kabla ya uaskofu alikuwa mwalimu wao Oxford.

Shida ilizuka alipotaka kuwakagua makanoni, yaani makasisi wa baraza la kanisa kuu lake mwenyewe. Wao walishikilia kwamba mkaguzi wao ni dekani, mkuu wa baraza lao, askofu hana nafasi. Kesi ilianza 1239, ikaisha Agosti 1245, na aliyempa ushindi ni Papa Inosenti IV. Huyohuyo ambaye agizo lake alilikataa 1253! Hapo ndipo hoja ya Uprotestanti inapovunjika.

Karani wa Zamani
Naongezea kuhusu barua ya 1253 aliyolikatalia agizo la Papa, maana wengi hukosea hapa. Haikuandikwa kwa Papa moja kwa moja. Ilikwenda kwa karani wake aliyekuwa Uingereza, naye akiitwa Inosenti. Agizo lilikuwa Federico di Lavagna, mpwa wa Papa, apewe kiti cha ukanoni Lincoln pamoja na mapato yake. Grosseteste alijibu kwamba kwa utii wa mwana hatii, anapinga, anaasi.

Soma maneno hayo taratibu. Anasema kiti cha Papa kimepewa uwezo wote, lakini ni wa kujenga, si wa kubomoa (2 Kor 13:10). Kumpa mtu mapato ya waumini asiowachunga ni kubomoa, kwa hiyo agizo la namna hiyo haliwezi kutoka kwenye kiti hicho. Anakataa kwa sababu anauamini upapa. Luther hakusimama hapo.

Na hakuwadai wengine asichofanya: yapata 1232, kabla ya uaskofu, aliachia nafasi zake zote zenye mapato, akabaki na ukanoni mmoja wa Lincoln.

Semina_Dom
Asanteni sana, nabadilisha hoja. Utafiti wake wa nuru na upinde wa mvua niuweke?

Kikuyu Kusini
Sentensi moja inatosha, dakika zako zitaliwa. Afadhali useme alifariki Oktoba 1253 huko Buckden, miezi michache tu baada ya barua ile, akiwa bado askofu. Maombi ya kumtangaza mtakatifu yalipelekwa kwa mapapa zaidi ya mara moja, yote yakagonga mwamba.