Lisilo na vina wala mizani: ni shairi, au tumechoka kuhesabu?

MzeeMkunguni: Mpwa wangu kaniletea diwani ya mashairi huru, ati nisome. Nimepita kurasa kumi sioni kina wala mizani. Mshororo mmoja una neno moja tu: "kimya". Huku kwetu Amu (Lamu), Mwana Kupona alimtungia bintiye utendi mwaka 1858, kila kipande mizani 8, yaani silabi nane, na wako wanaoujua kwa moyo hadi leo. Haya mapya nani atayahifadhi? Karatasi zake zafaa kufungia mahamri. Mwaonaje?

KijanaMalindi: Shikamoo ami. Maneno hayo hayo yalisemwa Kezilahabi alipotoa Kichomi, diwani yake ya mashairi huru, miaka ya sabini na kitu. Shairi huru halisomwi kwa vidole. Lisome kwa sauti, upumue pale mstari ulipokatwa. Hiyo "kimya" imeachwa peke yake ili nawe unyamaze kidogo.

Barani: 1974.

MzeeMkunguni: Marahaba. Kunyamaza nakujua, sikuhitaji kununuliwa kitabu.

JikoniLangoni: Mimi naulizia hapo pa mahamri. Nauza kila alfajiri, na sifungi chakula cha watu kwa karatasi yenye wino. Watunzi mna dharau sana na sisi wapishi.

PwaniTu: Dada, usikasirike. Abdilatif Abdalla aliandika Sauti ya Dhiki akiwa gerezani, juu ya karatasi za choo, ikatoka 1973. Karatasi si dharau.

Barani: Na imejaa vina na mizani! Umemfungia mzee bao wala hujui.

JikoniLangoni: Karatasi za choo ndizo mwalinganisha na mahamri yangu???

MzeeMkunguni: Mwanangu, nikutungie upoe:
*Mahamri yako jana, yalikuwa kama jiwe.*

JikoniLangoni: Jiwe! Na wewe ami jana ulikula matatu, tena kwa kukopa.

KijanaMalindi: Ngoja kwanza. Ma-ha-mri-ya-ko-ja-na. Saba, si nane! Ami, hilo guni, shairi lenye kasoro ya mizani.

MzeeMkunguni: Ma-ha-M-ri. Hiyo m yahesabiwa. Muulize yeyote anayeimba.

KijanaMalindi: Herufi moja, yasimama peke yake, na yataka uzito wake?

MzeeMkunguni: Naam.

KijanaMalindi: Kama "kimya".

Barani: 😂😂 Mzee kanyamaza.

JikoniLangoni: Anyamaze tu, lakini matatu ni shilingi 60.